Mzee Maduhu Hakufa

Jumapili, 1 Agosti 1993

Ibada imekwisha. Wanawake wengi, wanaume wachache, kama kawaida. Nilihubiri kidogo, maneno yakaniishia, nikaanzisha wimbo. Wamenizoea. Nikianza wimbo katikati ya mahubiri wanajua Mwalimu hana la kusema tena.

Mchungaji hajaja tangu Juni. Ana makanisa mengi na pikipiki moja inayoharibika kila mara. Asipokuwepo ninaongoza mimi. Walinichagua kwa sababu nasoma bila kukwama, ingawa shule niliacha darasa la tano. Jumapili naitwa Mwalimu. Jumatatu, mwaloni wanakoshushwa samaki nami naponda barafu, naitwa Muha wa barafu.

Mzee Maduhu alifika kabla yetu sote, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kofia juu ya goti. Miaka yote anakuja hivyo. Hajabatizwa. Ana wake watatu, na kanisa letu linataka abaki na mmoja kwanza. Leo Mzee Elikana, katibu wa baraza la wazee, kamuuliza tena atachagua lini. Maduhu kasema, "Nichagulieni ninyi. Halafu mwende mkamwambie huyo wa kuondoka. Mimi nitakuwa machungani." Watu wakacheka. Elikana hakucheka.

Jumanne, 3 Agosti

Magari mawili ya kiwanda cha minofu. Kuponda barafu tangu alfajiri. Ngozi ya vidole imepasuka tena, chumvi ya jasho inaingia. Sangara wanapakiwa, minofu inakwenda Ulaya, sisi tunaletewa mapanki, mifupa iliyobaki, tununue. Ndiyo biashara huria.

Elikana alipita mwaloni akaniita pembeni. Baraza limepitisha jina langu kwenda chuo cha Biblia mjini mwezi ujao. Nikimaliza, kazi yangu itakuwa kanisa tu. Nilirudi kwenye barafu lakini sikuwa pale. Nilijiona nimevaa shati kavu. Nilimwona mama yangu kule Kasulu, kwetu kwa Waha, akiwaambia majirani. Mke wangu naye, aliyebaki huko, ningemleta.

Naitaka nafasi hii. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu niondoke nyumbani.

Jumamosi, 7 Agosti

Upepo. Mitumbwi haikutoka. Nimezunguka mwaloni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, nataka kwenda mahali, na mahali penyewe hapapo.

Jumatano, 11 Agosti

Mchana alikuja Kabula, mke mdogo wa Maduhu, anakimbia, mtoto mgongoni. Mzee ana homa, anatetemeka, anaongea na marehemu baba yake. Zahanati wamesema dawa hakuna, wakanunue mjini. Mwanawe mkubwa kaenda na baiskeli. Kabula aliomba barafu ya kumpoza.

Nilijaza ndoo nikaenda bila kuaga. Nyumbani kwake wanaume wa ukoo walikuwa wameshakaa nje, wananong'ona habari za mahali pa kuchimba kaburi. Wake wawili wakubwa walikuwa ndani naye. Tulimpaka barafu kifuani. Akafumbua macho akanijua. Akasema, "Mwalimu, nibatize. Nisiende bila jina."

Nilijua habari ya wake zake. Nani asiyejua? Lakini kwenye semina ya walei Mchungaji mwenyewe alitufundisha: mtu akiwa anakufa na mchungaji hayupo, kiongozi yeyote anaweza kumbatiza. Hakutuambia tuhesabu wake kwanza. Niliomba maji. Mtungi ulikuwa mtupu, watoto walikuwa wamekwenda ziwani. Kulikuwa na ndoo yangu. Barafu ilikuwa imeyeyuka nusu, inanuka sangara.

Nikamuuliza jina. Simeoni. Nikammwagia mara tatu, nikasema maneno yote. Alishtuka kwa baridi, akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. Tukajua ndiyo basi. Kabula akaanza kulia.

Niliporudi kazini msimamizi alinitukana mbele ya watu wote. Sikujali. Nililia mwenyewe nyuma ya gari.

Alhamisi, 12 Agosti

Hakufa.

Ijumaa, 13 Agosti

Dawa ilifika. Amekunywa uji. Ameuliza ng'ombe wake wamechungwa na nani.

Namshukuru Mungu. Naandika hivyo na ni kweli. Lakini sasa mwenye wake watatu amebatizwa, na aliyembatiza ni mimi.

Jumapili, 15 Agosti

Alikuja kanisani ameshikwa na wanawe wawili. Hakukaa nyuma. Alikaa benchi la pili, wanapokaa waliobatizwa. Kabla sijafungua ibada akasimama, akasema kwa sauti, "Mimi sasa ni Simeoni. Anayeniita Maduhu siitiki." Wanawake wakapiga vigelegele.

Nilimtazama Elikana. Afadhali nisingemtazama.

Jumatatu, 16 Agosti

Habari imefika mwaloni kabla yangu. Wapakiaji hawanipi nafasi. "Mwalimu, nibatize na mimi, lakini kwa barafu ya leo, ile ya jana imechacha." Mwingine anasema nimefungua kiwanda cha Wakristo wa kugandisha, tutawauza Ulaya na minofu. Nilicheka nao. Ukinuna hapa umekwisha. Ila nilikuwa naponda barafu kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

Alhamisi, 19 Agosti

Elikana alinikuta nyumbani. Hakukaa. Kasema baraza limechukia. Kuna wanaume hapa walifukuza wake zao ili wabatizwe. Mmoja alimrudisha mwanamke kwao Ukerewe na watoto, na mwanamke yule hakuwahi kupona moyo. "Sasa tuwaambie nini hao? Kwamba wangeugua tu?"

Nimewaza siku nzima. Elikana simpendi lakini hilo ni swali la kweli. Mwanamume aliyemrudisha mkewe Ukerewe ni yeye mwenyewe.

Jumapili, 22 Agosti

Nimeongoza ibada vibaya. Nilisahau sala ya kufunga, watu wakabaki wamesimama.

Jumanne, 24 Agosti

Mchungaji amekuja. Pikipiki ilimzimikia njiani, akasukuma. Alinawa, akala ugali, akaniita chini ya paa la kanisa tukakaa wawili tu. Si mtu mbaya. Alionekana amechoka kuliko mimi.

Kasema njia ni mbili. Kama ule ni ubatizo, Maduhu amekuwa mshirika, na mshirika mwenye wake watatu ni lazima abaki na mmoja au atengwe. Na mimi niliyebatiza nitasimamishwa. Njia ya pili ni nyepesi. Jumapili nisimame niseme ilikuwa maombi ya mgonjwa tu, maji yalikuwa ya kupoza homa. Maduhu arudi benchi lake la nyuma, wake zake hawataguswa, na mimi niende chuo. "Mwanangu, nakutafutia mlango. Upite."

Nikamuuliza, "Baba, lakini si wewe uliyetufundisha?" Akatazama pikipiki yake muda mrefu. Akasema, "Niliwafundisha habari za watu wanaokufa."

Ijumaa, 27 Agosti

Sijalala vizuri tangu Jumanne. Leo baada ya kazi nilikwenda kwa mzee. Alikuwa uani anasuka kamba ya ng'ombe. Nilimwambia njia zote mbili. Nilitaka aniambie niseme maombi. Hilo ndilo nililoendea, sijifichi.

Akasuka kidogo. Akasema, "Simfukuzi mtu. Wakinitenga, watenge. Nimekaa mlangoni miaka, najua kukaa mlangoni. Lakini usiseme hukunibatiza. Nilisikia ukiniita."

Kabula alikuwa anapepeta mtama. Akadakia bila kunitazama, "Mwalimu anataka kwenda mjini. Mwache aseme anachotaka." Mzee akamwambia, nyamaza mama. Kabula hakunyamaza. "Kama si ubatizo, basi tulikuwa tunamwosha maiti. Siku ile hukutetemeka hivi."

Nimerudi nina hasira naye. Njia nzima nilikuwa namjibu kichwani. Majibu yangu yote yalikuwa mazuri na hayakuwa na maana.

Jumapili, 29 Agosti

Kanisa lilijaa. Hata wapakiaji wawili wasioingia kanisani walisimama dirishani.

Mchungaji aliniita mbele. Nilikuwa nimepanga maneno ya maombi. Nimeyasema njiani kutoka nyumbani mpaka mlangoni, yalikuwa yamekaa sawa. Nikasimama. Mzee alikuwa benchi la pili, kofia juu ya goti, ananitazama kama anavyonitazama kila Jumapili nikianza kusoma. Hakuwa na wasiwasi. Ndilo lililonishinda. Angekuwa na wasiwasi ningesema uongo.

Nikasema: "Nilimbatiza. Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Maji yalikuwa ya barafu kwa sababu mengine hayakuwepo. Nilidhani anakufa. Hakufa. Sina lingine."

Mpakiaji mmoja dirishani akasema, "Haya sasa," na watu wakaguna.

Mchungaji akasoma uamuzi. Nimesimamishwa kuongoza mpaka jimbo litakapoamua. Chakula cha Bwana sitapokea. Simeoni Maduhu, alimwita hivyo, Simeoni, anatambuliwa kuwa amebatizwa na anatengwa kwa ajili ya ndoa zake. Elikana ataongoza kwa sasa. Mkate ulipopita nilikaa na mikono mapajani. Sikujua mikono huwekwa wapi mtu akiwa hapokei.

Jumanne, 31 Agosti

Anayekwenda chuo ni mpwa wa Elikana. Kijana mpole, hana kosa.

Nimejilaumu siku nzima. Mjinga. Sentensi moja tu ningeisema ningekuwa nafunga mzigo. Mke wangu atasubiri tena. Mama atakufa hajanisikia nikihubiri kanisa lenye sakafu. Nimeponda barafu mpaka mtalimbo umeniponyoka ukaniangukia mguuni. Msimamizi kasema, Muha, leo unabatiza nini?

Sikucheka.

Alhamisi, 9 Septemba

Nilitaka kuondoka. Niliuliza gari linalokwenda mjini kama lina nafasi nyuma. Lilikuwa nayo. Sikupanda. Sijui kwa nini.

Jumapili, 12 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Nilikwenda kanisani nikakaa benchi la nyuma. Mzee naye amerudishwa huko. Alisogea kunipisha, akaniambia ukae upande huu, ule unavujiwa.

Elikana alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Alihubiri habari ya kusamehe, maneno yakamwishia katikati, akaanzisha wimbo. Tuliitikia.

Tulipotoka, mama mmoja wa upande wa pili wa mwalo alinisubiri, kanga kichwani. Mtoto wa binti yake hanyonyi tangu juzi. Akasema, "Mwalimu, twende." Nikamwambia, mama, shikamoo, mimi nimesimamishwa, nenda kwa Mzee Elikana. Akasema, "Marahaba. Umesimamishwa kule mbele. Kwangu hakuna mbele, ni chumba kimoja."

Nilikwenda. Sikubeba kitabu. Niliomba maneno machache, sikuanzisha wimbo. Nikawaambia wampeleke mtoto zahanati kesho asubuhi hata kama dawa hakuna, wakamwone mganga tu. Mama akanipa kiti, akanipa chai ya rangi. Mtoto alilala. Nilikaa pale mpaka mvua ikakatika.