Mukate Inaitwa Complet

Karuba, tarehe 9 mwezi wa tatu 2022

Kwako mutoto wangu Thierry, kule Mpofi,

Jambo sana. Sisi wa hapa tuko wazima. Papa yako Habineza iko, goti njo inamusumbua wakati wa baridi. Kaka yako Evode iko, anasaga ngano kama kawaida. Muke wake Nadine iko, mimba inaendelea muzuri. Nyanya yako Nyiransengimana iko, kila asubui ananiuliza kama umekula, sawa vile miye ninakuona kwa dirisha. Hata ile ngombe ya pembe moja iko. Na weye? Kikohozi iliisha? Wanasema mvua ya huko kwenu Walikale haichoke. Vaa bote ku miguu.

Uliomba historia ya kampani yetu, juu ya kuiandika ku sashe ya kufungia mukate. Miye sikusoma sana, sijui kampani inaanzia wapi. Sisi tulianza na furu moja ya udongo ya kupikia mukate, nyuma ya nyumba. Leo Papa yako iko na furu mbili, na weye unayo yako kule. Andika vile. Unijibu mbio, barua yako ya mwisho ilifika mbele ya Noeli.

Mama yako, Mukashema


Mpofi, tarehe 2 mwezi wa tano 2022

Mama mupenzi,

Jambo kwako, kwa Papa, kwa Nyanya, kwa Evode na Nadine. Kikohozi iliisha, bote ninavaa. Rezo ya telefone haiko huku, njo maana ninaandika.

Mama, huku mukate yetu haitembee. Watu wanaikata, wanaona makapi, wanacheka. Mama Elisabeth wa sokoni aliniuliza mbele ya watu: "Kaka, chakula ya nguruwe unaiingiza mu furu juu ya nini?" Sasa nimepata chungio. Nitachunga unga, nitoe makapi, nipike mukate mweupe. Lakini mweupe hauwezi kuitwa Complet, Kifaransa inakataa. Pain complet ni mukate wa ngano nzima. Kwa hiyo ile jina nitaifuta, niweke ingine. Papa asikasirike.

Historia nitaandika hivi: "Tangu mwanzo tulichagua ngano nzima juu ya afya ya watu." Iko sawa?

Mutoto wako, Thierry


Karuba, tarehe 20 mwezi wa tano 2022

Thierry mutoto wangu,

Afya gani? Huku wote wazima, goti ni ileile. Nadine alizaa mutoto mwanaume, hatujamupa jina, tunakungojea.

Ile historia yako ni bongo, uongo tupu. Hatukuchagua kitu. Tulikimbia vita, tulipotezana njiani, na wa kupotea ulikuwa weye. Ungali mudogo. Tuliporudi, nyumba ilikuwa wazi, hata chungio wezi walibeba. Ngano ilikuwa imeiva yenyewe mu shamba. Nikasaga, nikapika na makapi yake, juu sikuwa na cha kuchungia. Mukate ingali mu furu, gari ikasimama ku barabara. Mama Victorine, jirani yetu, akashuka, amekubeba mugongoni. Alikuokota kule Mushaki. Convoyeur, kijana wa kuita abiria, akapiga mulango, akapaza sauti "Complet! Complet!", ni kusema gari imejaa, gari ikaenda. Papa yako akatuhesabu na macho, akasema: "Na sisi tuko complet. Tukule."

Jina ilitokea pale, tukaiandika ku ubao. Kiisha munganga Grégoire wa hospitali akapita, akasoma ubao yetu, akatusifu: "Ah, pain complet! Muzuri kwa watu wa ugonjwa wa sukari!" Tukaitika aksanti. Hatukujua anasema nini. Wagonjwa wakaanza kuja, na kampani ikatembea.

Kwa hiyo chunga unga yako, hakuna kosa. Mupe Mama Elisabeth mweupe wake. Lakini jina usiifute. Ile jina haiko ya makapi, ni ya weye. Nijibu mbio.

Mama yako


Karuba, tarehe 14 mwezi wa kumi 2022

Thierry,

Jambo. Papa yako iko. Evode iko. Nadine na mutoto wake wako, mutoto bado hana jina, tunamuita Kadogo. Nyanya yako iko, ameacha kuuliza kama umekula, anauliza tu kama barabara imefunguka. Tulisikia wanasema vita ilipita karibu na kwenu. Nimekuandikia mara mbili, sijui kama zilifika.

Jana mutu wa moto, ile pikipiki, alituletea mukate, alisema ilitumwa kutoka Mpofi, na weye mwenyewe hakukuona. Hakuna barua ndani. Mukate mweupe kama pamba. Ku sashe wameandika COMPLET. Munganga Grégoire alikuwa hapa, akacheka: "Mweupe hivi, complet gani? Huyu mutoto hajui Kifaransa." Papa yako akamujibu: "Anajua."

Tumeikata, kila mutu akakula. Kipande kimoja kimebaki ku sahani, hakuna mwenye anakigusa.

Mukate imefika, weye bado. Usitume tena mukate peke yake. Andika hata neno moja, umupe yule wa moto, anarudi kesho. Mbio, mutoto wangu.

Mama yako, Mukashema