Vitabu Ambavyo Maktaba Haivitaki Tena

Deventer, 10 Agosti 2022

Mdogo wangu Irwin,

U hali gani? Natumaini ulifika Rotterdam salama na mgongo haukukusumbua kwenye treni. Sisi huku hatujambo, isipokuwa joto, na hili goti langu ambalo sasa tunaishi tu kama majirani wasiopatana.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana, na kwa barua angalau utanisikiliza mpaka mwisho. Umeacha mfuko wako chini ya ngazi. Kama ni makusudi unajua mwenyewe. Jaleesa aliufungua akitafuta viatu vyake, akanijia jikoni na kitabu mkononi. "Bibi, huyu ni mtu au ni mdudu?" Alikuwa ni yule mtoto mweusi wa kwenye jalada, mwenye midomo kama soseji mbili, anamkimbia mamba. Nikamwambia ni kitabu cha babu Irwin. "Babu Irwin anasoma hivi?" Nikamnyang'anya mjukuu wangu kitabu, nikakirudisha mfukoni.

Kila Agosti unakuja kwenye soko la vitabu, unalala kwangu, unakula pom yangu ya kuku, unaondoka. Nimechoka kujiuliza kama unakuja kuniona mimi au hao wa kwenye vitabu. Mfuko nimeuweka kibandani nje. Uje uuchukue.

Dada yako,
Ludi


Rotterdam, 28 Agosti 2022

Dada Ludi,

Salamu nyingi, na pole kwa goti. Mimi nipo, mgongo nao upo. Nilipoacha kuendesha tramu nilidhani utapumzika, kumbe ulikuwa umezoea kazi.

Nisamehe, na Jaleesa umwambie huyo ni mtu, ila amechorwa na asiyempenda.

Unaniuliza kila mwaka ninavikusanya vya nini. Maktaba zinaviondoa, na ni vizuri, watoto wasivione. Lakini zinavitupa, dada. Kesho tutaambiwa hatukuona tulichokiona. Wameshaanza. Jirani yangu Kees, mtu mwema, tunakunywa naye kahawa, aliniambia: "Irwin, bwana, mnakuza mambo. Vilikuwa vijitabu tu vya watoto." Nikaingia ndani, nikamtolea kimoja. Akafungua, akafunga. Kahawa yake ikapoa hapo hapo.

Na asiyevitupa ndiye mbaya zaidi. Yule mzee wa meza ya mwisho sokoni, Terpstra, anataka kuvinunua vyote kwangu. "Nina wateja wanavililia," ananiambia. "Vinawakumbusha kwa bibi zao." Nimemwambia heri nivile.

Sasa nina shida. Shirika la nyumba linabomoa jengo letu mwakani. Wananipa chumba kimoja, na maboksi yangu yamefika mpaka bafuni. Naomba dari yako niyahifadhi, dada. Sitaomba kingine.

Mdogo wako,
Irwin


Deventer, 15 Septemba 2022

Irwin,

Hujambo? Sisi tupo. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena.

Hapana.

Chini ya hiyo dari ndipo Jaleesa analala anapokuja. Na mimi pia nalala nyumba hii. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, unajua. Wagonjwa wamenishika nywele bila kuniomba ruhusa. Wameniuliza kama rangi hutoka nikioga. Nikawajibu kwa upole na kuwageuza kitandani wasipate vidonda, mpaka nikastaafu. Wewe unaona vitabu ni ushahidi. Mimi sina kesi, Irwin. Nataka kukaa kwenye kiti changu pasiwe na mtu wa kumjibu.

Vitabu hapana, ila wewe njoo. Chumba cha mwanangu Glenn ki wazi tangu aoe. Huna haja ya kukubali kichumba cha shirika kama mtu asiye na ndugu.

Dada yako,
Ludi


Rotterdam, 22 Januari 2023

Dada Ludi,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa. Nilikasirika, ndiyo maana nilinyamaza. Baadaye nikaugua kifua, na mtu akiwa peke yake na kikohozi hasira inamwisha. Sasa sijambo.

Nilipata chuo kimoja cha ualimu kilichovitaka. Mwalimu wao alikuja kwangu, kijana mchangamfu, akaona maboksi, akafurahi mno. Lakini wakataka niende nizungumze na wanafunzi. Nikavaa suti. Binti mmoja akalia, ikabidi nimbembeleze. Mwingine akaniuliza, "Lakini mchoraji hakuwa na nia mbaya, sivyo?" Nikaeleza. Akauliza tena kwa maneno mengine, nikaeleza tena. Mwishoni mwalimu akaniambia wangependa nije kila muhula. Kila muhula, dada! Niliona wanachotaka ni vitabu pamoja na mimi, niwekwe rafu moja navyo.

Nimerudi navyo nyumbani. Kees alinisaidia kupandisha maboksi. Mwezi wa tano wanabomoa. Terpstra amepiga simu tena. Mara hii sikumtukana, sikuwa na nguvu.

Mdogo wako,
Irwin


Deventer, 2 Februari 2023

Mdogo wangu,

Pole na kifua. Kunywa tangawizi, na usifungue dirisha ukijidai kijana.

Kuna jambo sijawahi kukwambia, kwa sababu ulikuwa mdogo sana na mama hakutaka lisemwe. Mwaka wetu wa kwanza hapa Uholanzi aliazima kitabu maktabani, nisome nijue lugha. Kilikuwa na watoto weusi ndani, ndiyo maana alikichagua, aliona kwenye jalada rangi yetu. Tulipokifungua nyumbani aliziona nyuso zao. Kisha akachukua penseli, akawatengeneza. Akawapa pua. Akawapunguzia midomo, akawafanyia macho ya watu. Kurasa zote. Mimi nilisoma kitabu hicho, Irwin, cha watoto wa mama, nikakipenda.

Tulipokirudisha, mwanamke wa mezani alikifungua. "Hapa hatuchafui vitabu, mama," akasema, watu wote wakageuka. Akampa kifutio. Mama akakaa kwenye kile kiti cha watoto, na koti lake, akafuta. Akaanza ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi nilisimama pembeni nimekushika mkono, nikawaona wale wa mchoraji wakirudi.

Usiniombe dari tena.

Ludi


Rotterdam, 16 Aprili 2023

Dada Ludi,

Hujambo, dada yangu? Goti je? Nilikaa na barua yako siku nyingi. Nilipekua maboksi yote nikitafuta kitabu chenye alama za kifutio. Hakimo.

Juzi nilivikabidhi vyote kwenye hifadhi ya nyaraka ya jiji. Vitakaa gizani, na atakayetaka kuona ataomba. Hakuna suti, hakuna muhula. Dada mmoja aitwaye Femke alinipokea, akaniuliza kwa nini nilivikusanya. Sikumwambia yale ninayosema siku zote. Nikamsimulia ya mama. Akaweka kalamu chini. Akasema angependa kuyaandika kutoka kwa aliyeona. Nikamwambia aliyeona amechoka kujibu watu, wasikusumbue. Ameahidi hatakupigia. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii, kwa kuwa ni haki yako kuwa nayo, si zaidi.

Kama chumba cha Glenn bado ki wazi, nitakuja Jumamosi ijayo. Nina masanduku mawili ya nguo na sufuria. Ule mfuko wa kibandani nitaupeleka kwao pia.

Mdogo wako,
Irwin


Deventer, 20 Aprili 2023

Irwin,

Salamu. Fupi tu, nina unga mikononi. Chumba nimekitandika. Jumamosi nitakuwa stesheni na Glenn, usibebe mwenyewe na mgongo huo.

Nimempigia yule Femke. Nilikusudia kumwambia jina la mama tu, wasilikosee: Hermina, kwa H. Nikazungumza mpaka wali ukaungua. Hakuniuliza kama nina hakika, wala kama yule wa mezani alikuwa na nia mbaya. Aliuliza kitu kimoja, ambacho sijawahi kuulizwa na mtu: mama alizijulia wapi zile pua, maana hakuwa mchoraji.

Nikamwambia ulikuwa umelala kwenye kochi. Alikuwa anakutazama wewe, kisha anachora.

Dada yako,
Ludi