Hita Inayojizima

Newala, 3 Julai 2024

Mjomba Alfani,

Shikamoo. Hamjambo huko Masasi? Salfa ya mikorosho mmeshaanza kupuliza? Sisi wazima, ila mwanangu Pendo ndiye ananitia mashaka. Kazaliwa njiti, nguo zote zinampwaya, na manesi wamesisitiza asipigwe baridi. Na baridi ya Newala mwaka huu, we acha tu!

Nyumba tuliyopanga ina hita ya gesi ya ukutani, kuukuu, aliiacha daktari mgeni. Mume wangu Yassini kanunua mtungi. Inawaka vizuri, baada ya muda inazima yenyewe. Wewe ndiye fundi, tuelekeze. Simu yangu imekufa, barua nampa utingo wa basi.

Mpwa wako,
Shamila

Masasi, 6 Julai 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera ya uzazi. Pakeni povu la sabuni kwenye mpira wa gesi. Likitoa mapovu, inavuja, msiwashe. Kisha fungeni mtungi, hita ipoe, mtoe vumbi na utando wa buibui kwenye matundu ya moto. Halafu mniambie: inazima hata mlango ukiwa wazi, au ukifungwa tu? Nisubirini. Yassini asiguse kingine, namjua kwa kuchokonoa!

Ningekuja mwenyewe, lakini mikorosho inachanua, nisipopuliza sasa nimekwisha.

Mjomba wako,
Alfani

Newala, 11 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo, u hali gani? Sisi tumepona! Buibui tumemtoa, mpira hauvuji. Mlango ukiwa wazi iliwaka asubuhi nzima, tukifunga, inazima. Na kufungua hatuwezi. Mama mkwe hataki upepo umguse mzazi kabla ya arobaini, kaziba hata nyufa za dirisha kwa matambara. Basi Yassini kakibana kile kitufe cha kuwashia kwa waya kisirudi. Haizimi tena! Kawaita majirani waje waone, sasa anajiita injinia.

Chumba kina joto tamu. Kichwa tu kinanigonga, na Pendo kawa mpole mno, kunyonya mpaka nimwamshe.

Mpwa wako,
Shamila

Masasi, 13 Julai 2024

Shamila,

Salamu baadaye. Zima hita! Barua yako nimeipata sasa hivi. Hita ni nzima, mwanangu. Inajizima kwa sababu hewa ya chumba imechafuka, ndivyo ilivyoundwa. Kichwa hicho ni sumu ya moto, haina harufu. Na mtoto hajawa mpole, analeweshwa!

Toeni waya, fungueni dirisha, mkimbizeni hospitali. Joto atalipata kifuani kwako. Mama mkwe akigoma, mwambie mjomba kasema, na neno la mjomba kwetu halipingwi. Simu ya Yassini haipatikani. Barua inakuja na bodaboda, mimi nafuata kesho.

Mjomba wako,
Alfani

Newala, 13 Julai 2024, jioni

Mjomba,

Shikamoo. Bodaboda wako katukuta msibani. Pendo hakuamka alfajiri, tumemzika baada ya adhuhuri. Mimi nilitapika sana, nikatolewa nje uani, nikapata nafuu. Barua yako nimeisoma peke yangu. Waya nimeutoa.

Yassini yuko barazani. Kila anayempa pole anamjibu, "Angalau mwanangu hakufa kwa baridi, nilimtengenezea hita." Nikimsikia natamani nipige kelele. Nina hasira naye, na namhurumia mpaka nashindwa kumtazama.

Kesho ukifika atakushika mkono akupeleke chumbani akakuonyeshe. Nakuomba, Mjomba, mwambie kaitengeneza vizuri.

Mpwa wako,
Shamila