Utani wa Rockville

Springfield, Virginia
18 Januari 1998

Dada yangu mpendwa Vumilia,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni ya heshima na hii ya pili ni ya kukuomba radhi kwa ukimya wangu tangu niondoke hapo kwako. Hamjambo hapo Moshi? Shemeji bado magoti yanamsumbua? Na Mama huko Usangi, kifua kimepoa? Nasikia mvua haijakatika, na kwamba magari hayapandi tena mlimani, yanaishia njiani watu wanamalizia kwa miguu. Mungu awaepushe na matope hayo. Mimi nipo. Ukiniuliza kama ni mzima nitakujibu kwamba nakula, nalala na naenda kazini, basi.

Nianze na meno, kwa sababu ndiyo habari njema pekee niliyo nayo. Magego aliyoyaziba daktari wako hayajaniuma hata mara moja, na lile jino la mbele la bandia hakuna anayelishtukia. Bibi mmoja ninayemwogesha kazini aliniambia nimerudi msichana. Unakumbuka nilivyofika kwako shavu limeumuka kama andazi, nikakusimulia jinsi daktari wa hapa Springfield alivyonitajia bei nikadhani ananipa namba yake ya simu. Kwa bei ileile nimepanda ndege kwenda na kurudi, nimetengeneza kinywa kizima, na Mama amepata kitenge. Mwambie daktari ninamwombea, na kwamba Watanzania wa huku wamekwisha kuniomba anwani yake.

Lakini meno ilikuwa sababu ya kumwambia bosi. Sababu ya moyoni unaijua wewe, maana tuliizungukia wote kwa miguu. Tulikwenda Mwanga kumwona Mwalimu Ghati, mkuu wa ile shule ya sekondari, akaniambia hana mwalimu wa Hesabu na kwamba hata nikija kesho chaki ipo. Tukaenda kuiona nyumba ya walimu, ukapima dirisha kwa kanga yako ili ushone pazia. Tukamtafutia na binti yangu Audrey nafasi shule ya msingi, wakasema aje Januari, Kiswahili atakishika mchezoni. Dada, tangu nije Marekani sijasimama mbele ya darasa, nasimama mbele ya vitanda. Siku ile Mwalimu Ghati aliponipa chaki niwafanyie watoto hesabu moja tu, nilijaza ubao mzima. Tuliporudi kwako nikasema nimefika nyumbani, nimebakiza kumfuata mtoto na mizigo. Ukapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Jioni hiyo nikampigia Lusekelo kutoka posta. Nilimwambia mume wangu kwa furaha kwamba kazi imepatikana, shule ya Audrey imepatikana, ajiandae sasa, hata yeye hatakosa pa kushika. Akanyamaza. Nikadhani ni laini, nikaita halo, halo, hadi yule mama wa posta akanicheka. Kumbe laini ilikuwa nzima, mtu ndiye alikuwa anafikiri. Na ni yeye huyohuyo aliyeniambia kabla sijaondoka kwamba niende nikaangalie, nikiona panafaa tutazungumza.

Sasa naomba yanayofuata uyasome umekaa.

Nilipotua Dulles hakuna aliyekuja kunipokea. Nikapanda teksi mpaka nyumbani. Nilikuta nyumba imefagiliwa, vyombo vimeoshwa, makochi yapo, sufuria zangu zipo, ila kitanda cha Audrey hakipo, nguo zake hazipo, na za baba yake hazipo. Lusekelo ni mtu wa haki hata akikuibia. Jirani ndiye aliyeniambia kwamba wamehamia Manassas, karibu na ghala anakofanya kazi, na siku chache baadaye nikaletewa karatasi za mahakama. Zilisema kwamba nimemtelekeza mtoto na kuhamia nje ya nchi.

Haki ya Mungu nilicheka. Nikasema huyu Mnyakyusa amechanganyikiwa, nimehamaje nami nimesimama hapa na begi mkononi? Si wanatusema sisi Wapare kwamba tutauza ng'ombe tufuatilie kesi ya kuku? Basi nikasema leo atamjua Mpare. Nikatafuta wakili, nikafua suti yangu ya kanisani, nikaenda mahakamani kifua mbele. Nilikuwa sijui kuhusu kanda.

Kanda yenyewe ni hii. Jumamosi moja kabla sijasafiri, Boniface alinifanyia kisherehe cha kuniaga nyumbani kwake Rockville, kule chini kwenye besmenti. Boniface nilikwisha kukusimulia, ni Mchaga wa Kibosho, ndiye aliyetupokea tulipofika nchi hii hatujui hata pa kununua chumvi. Sasa wewe mwenyewe unajua Mchaga na Mpare wakikutana, ukumbi umejaa na bia ipo. Nani angenyamaza? Akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba Mpare ameona bei ya jino akakumbuka koleo la baba yake. Nikamwambia Mchaga naye asingekwenda kokote, angeling'oa mwenyewe aliuze. Watu hoi. Ndipo akasema sitoki pale mpaka niache rehani, na rehani anayoitaka ni huyu binti yangu, amchukue awe wake. Nikamwambia mchukue, lete katoni mbili za bia, mimi nikifika kwetu sirudi, nitazaa wengine wasionisumbua kula. Akazileta kweli! Akazitua miguuni pangu, nikazihesabu kopo kwa kopo kama mama wa gengeni, tukapeana mikono, ukumbi ukalia kwa kicheko. Na kwa kuwa Watanzania wa huku hata mtoto akiota jino lazima kamera iwepo, yote yakaingia kwenye kanda, na kila aliyehudhuria akapewa nakala.

Nakala yetu Lusekelo alimpa wakili wake.

Dada, hebu fikiria utani wetu ule unaonyeshwa kwenye televisheni mahakamani, saa nne asubuhi, watu wamevaa tai. Hakuna aliyecheka. Mkalimani alikuwa kijana wa Kikenya, anaitwa Wainaina, mpole kabisa. Alitafsiri neno kwa neno kwa sauti ya chini: mchukue, lete bia, sirudi, nitazaa wengine. Hakuongopa hata neno moja, na mimi niliyeyasema niliyasikia kwa Kiingereza nikaona aibu ya mwanamke huyo. Tulipotoka nje alinifuata akaniambia, pole sana auntie, kwetu hatuna hiyo maneno ya utani, na mimi naliapa nitasema tu vile nimesikia. Nikamjibu hana kosa.

Wakili wangu akaona tumwite Boniface aeleze. Masikini, alikuja na suti ya harusi yake. Jaji, mzee mtaratibu asiyepandisha sauti, alimuuliza kama ni kweli aliniomba mtoto. Akasema ndiyo. Akamuuliza kama alinipa bia. Akasema ndiyo. Kama nilizipokea? Ndiyo, na nikazihesabu. Akamuuliza ana undugu gani nami. Boniface akasema mimi ni mtani wake. Jaji akataka kujua ni undugu wa damu au wa ndoa. Akasema si wa damu wala wa ndoa, ila ni zaidi ya ndugu. Halafu kwa kutaka kuniokoa akaongeza kwamba kwetu hata msibani mtani anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe, na wafiwa wanafurahi. Wakili wangu akafumba macho.

Halafu wakili wa Lusekelo akaja na ile habari ya Mwanga. Niliulizwa kama nimetafuta kazi Tanzania, na kama nimemtafutia mtoto shule bila kukubaliana na baba yake. Nilikuwa nimekula kiapo. Nikasema ndiyo. Nikatazama upande wa Lusekelo, nikimsihi kwa macho, kwa sababu yeye ni mtu wa Tukuyu, utani anaujua, siku ile alicheka mpaka akashika ukuta. Angesema neno moja tu, kwamba mke wangu alikuwa anatania. Aliinamisha kichwa akawa anatazama kofia yake. Baadaye, kwenye korido, aliniambia kwamba hanichukii, na kwamba hajawahi kusema mimi ni mama mbaya. Alisema aliposikia kwenye simu nimempatia Audrey shule, aliona mtoto anaondoka na yeye amebaki peke yake ghalani Manassas, na hakuwa na kitu kingine mkononi ila ile kanda. Nilimwambia amelaaniwa. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo, na sijalifuta.

Jaji alisema yuko tayari kuamini kwamba yalikuwa mzaha. Lakini pia alizungumza na Audrey peke yake ofisini, na Audrey amesema anataka kukaa na baba. Basi ikaamuliwa hivyo: anaishi Manassas, mimi nina Jumamosi, na hawezi kutoka nchi hii bila idhini ya Lusekelo. Nilitoka pale nikiwa na hasira na mtoto wa miaka minane, nakuambia ukweli. Nikasema baba yake amemlisha maneno.

Hili linalofuata sijamwambia mtu, na wewe usimwambie Mama.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nilimpeleka kula chipsi hapa Springfield. Unajua ni mtoto wa huku, Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza. Alikaa na koti lake, hakulivua. Nikamtania kidogo, hakucheka. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo sana na bila kunitazama, kwamba kama mimi nikinunua bia nyingine nikamrudishia Uncle Boniface, je, ataruhusiwa kuwa wangu tena.

Vumilia, alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya besmenti na juisi yake, nilimwona, nikampungia mkono. Nilidhani anacheka kwa kuwa watu wote walikuwa wanacheka. Alisikia kila neno na akaliamini, kisha akaniona napakia mabegi naondoka. Wiki zote zile, mimi niko kwako nachekelea meno na nyumba ya walimu, mtoto wangu alikuwa anangoja kuchukuliwa. Boniface alikuwa akija kuwaletea chakula, akisikika mlangoni tu mtoto anaingia chini ya kitanda. Lusekelo akadhani ananikumbuka mimi. Na Audrey hakumweleza jaji kwamba nilimuuza, alimwambia tu anataka kukaa na baba, kwa sababu baba hakumuuza. Alinificha aibu yangu, dada, mtoto wa miaka minane.

Nilimwambia si kweli. Nilipiga magoti palepale kati ya meza nikamwambia haikuwa kweli, ni mchezo wa watu wazima, ni mapenzi kwa kweli, ndivyo kwetu tunavyopendana. Akasema "okay." Unalijua hilo neno lao, halina ndiyo wala hapana ndani yake. Akala chipsi zake. Baba yake alipokuja kumchukua alikimbilia kwenye gari.

Kwa hiyo siji. Mwambie Mwalimu Ghati asiendelee kunisubiri, atafute mwalimu mwingine, watoto wale wasikose Hesabu kwa ajili yangu. Nikiondoka hapa hata kwa mwezi mmoja, Audrey atajua kwamba ilikuwa kweli. Nitabaki nchi hii naogesha wazee ili nimwone mwanangu Jumamosi akiwa amevaa koti. Nyumbani nilipaona, dada, nilipashika kwa mkono huu, na sasa napaacha kwa miguu yangu mwenyewe. Nimechoka. Namwomba Mungu hanijibu, au ananijibu kwa Kiingereza. Usinitumie maneno ya kunifariji, nitumie tu habari za huko, nani kazaa, nani kajenga, bei ya mahindi, chochote.

Nisalimie shemeji na wanao wote, na majirani walioniletea ndizi. Boniface naye anawasalimu. Amekonda, hashiki kipaza sauti tena, na nikimwona tunaamkiana vizuri kama watu wasiojuana. Kwa Mama fikisha salamu zangu kwa mikono miwili, umwambie meno yamepona na safari imeahirishwa.

Na kuna jambo moja nakuomba. Jumamosi ya Pasaka nitapiga simu hapo kwako nikiwa na Audrey, mteremshe Mama aje amsikie mjukuu wake. Unajua kawaida yake kwa wajukuu wa kike. Tafadhali umkalishe chini mapema umwambie asimwite mke mwenza, asimwambie amemnyang'anya mume, wala kwamba atakuja kumchukua. Amwite Audrey, amwambie anampenda, hivyohivyo bila kuongeza kitu, maana mtoto huyu anaamini kila tunachosema.

Mimi mdogo wako,
Elieth