Vitu vya Lukmani kwenye Banda la Gari

Jumatatu, 11 Novemba 1974

Balozi kaja tena. Mzee Mseti, balozi wetu wa nyumba kumi. Chai kakataa – dalili mbaya. Anasema banda la gari la marehemu baba limekaa bure karibu wiki nne, na duka la ushirika halina pa kuweka unga wa njano wa msaada. Nikamwambia si bure, lina mpangaji. Akauliza mpangaji yuko wapi.

Lukmani mpiga picha. Siku ya tatu baada ya Idi aliondoka kwenda upande wa Mugumu. Mama yake kahamishiwa kijiji kipya, hana pa kulala, anakwenda kumjengea. "Siku tano, Dada Adija. Zikizidi sana, sita." Akaniachia ufunguo, akapanda lori la pamba. Kimya mpaka leo! Na kodi kalipa hadi mwisho wa mwaka, ndiyo maana roho inasita. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshatupa vitu vyake barabarani.

Balozi kasema Jumamosi banda liwe tupu. La sivyo anaandika kwa katibu kata kwamba naficha jengo wakati wananchi wana njaa. Mimi! Fundi wa cherehani moja na kuku wanne!

Jumanne, 12 Novemba

Nimefungua. Harufu ya dawa za kusafishia picha – machozi yakanitoka. Jirani yangu Sabaha alikuja kunisaidia. Kwa kweli alikuja kuchungulia.

Tumekuta pazia lililochorwa ndege ya abiria, ngazi yake inaishia hewani. Simu isiyo na waya. Miwani ya jua yenye kioo kimoja. Mabeseni matatu, moja langu! Nalitafuta tangu Machi. Na koti la kijivu limetundikwa msumarini.

Sabaha alipoliona koti akakaa chini. Mume wake wakati wa posa alipeleka kwao picha amevaa koti hilo hilo. Miaka mitatu ya ndoa anauliza koti liko wapi, na mume anajibu liko kwa dobi. "Dobi gani wa miaka mitatu!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Kaenda nalo kwake kumwonyesha mume, karudi nalo baada ya saa moja, kasema tu kwamba leo hapiki.

Kuna boksi la viatu limejaa picha za Idi ambazo wenyewe hawajachukua. Nimezipitia. Wanaume wote koti moja! Wanene limewabana, wembamba limewameza. Mji mzima una koti moja, nalo liko kwangu.

Jumatano, 13 Novemba

Sabaha na mdomo wake. Asubuhi nimeamkia foleni mlangoni. Kila mtu anataka picha yake, na kila mmoja anataka kuona za wenzake kwanza. Gauni la mteja nililoahidi leo halijaguswa.

Mchana kaja bibi mmoja, Mokami, kutoka Kerende. Katembea tangu jana. Nikamwamkia shikamoo, nikampa maji. Kiswahili chake kinachanganyika na Kikurya, lakini nilielewa. Kijana wake alifukiwa na shimo la dhahabu kule Nyamongo mwezi uliopita. Kabla ya hapo alimwambia kapigwa picha mjini, ataileta. Picha yake nyingine hakuna.

Tukatafuta pamoja. Hakumwona. Tukarudia. Akasema hawa wote ni makarani, mwanangu hakuwa karani. Mara akasimama kwenye moja. Akafunika koti kwa kiganja, ukabaki uso peke yake. Akatazama. Akasema, "Ndiye."

Nikamshonea mfuko wa kitambaa wa kuitia, wenye kamba ya shingoni. Kalala kwangu. Sabaha kaleta uji, akakaa naye bila kusema neno. Sabaha!

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemsindikiza bibi asubuhi, nikampatia nafasi kwenye gari la misheni.

Saa tisa balozi kafika kukagua. Kazunguka banda, kakohoa, kanivuta pembeni. Je, Ndugu Adija, katika picha hizo hakuna ya mtu wa makamo hivi? Nikasema wa makamo wapo wengi, mzee. Basi akainama mwenyewe kwenye boksi.

Nilikuwa nimeshaiona tangu Jumanne! Balozi ndani ya koti, miwani ya kioo kimoja, simu sikioni, mguu juu ya mguu, ndege nyuma yake. Na ndiye aliyetuhutubia Jumapili kuhusu watu wanaopenda anasa!

Kaitazama muda mrefu. "Nimetoka vizuri?"

"Umetoka kama waziri, mzee."

Akatabasamu. Kisha kaomba chai, kanywa vikombe viwili. Nikajua nimepona. Hapana! Anaondoka, kageuka: Jumamosi ni ile ile, unga hausubiri. Ila pazia la ndege nisilikunje vibaya, lisije likavunjika ngazi.

Ijumaa, 15 Novemba

Nahamishia kila kitu sebuleni kwangu. Ndege imefunika ukuta mzima, hata kalenda haionekani. Kuku mmoja kaingia akaitazama, akatoka.

Nilipovuta meza ya dawa ya Lukmani ikaanguka bahasha ya kaki. Juu kaandika kwa herufi kubwa: ZISITOKE. Nikasema Mungu wangu, huyu mtu ni nani? Nikafunga mlango ndipo nikafungua.

Picha kumi na mbili. Zote mimi.

Mimi naanika nguo. Mimi nakimbiza kuku. Mimi nimeshika mchicha uliokauka, nimemwelekezea yeye. Kapigia mlangoni pa banda – nami nikidhani anafuta vumbi la kamera! Na katika zote kumi na mbili mdomo wangu uko wazi. Hata moja siko kimya.

Nyuma kaandika kwa penseli. "Anasema maji ya dawa yameua mchicha." "Anasema nimechukua beseni (kweli)." "Anasema wapangaji wote ni wale wale." Na moja, nimeegemea mlingoti wa kamba ya nguo: "Hapa sijui alisema nini. Nilikuwa namtazama tu."

Nimesoma mara moja. Uongo – mara tano. Maharage yameungua. Sabaha kauliza macho yana nini, nikasema moshi. Tangu nipewe talaka mwaka sitini na nane hakuna aliyeandika neno juu yangu isipokuwa balozi, kwenye daftari lake.

Jumamosi, 16 Novemba

Saa nne watu wa ushirika wakaanza kuingiza magunia. Gunia la sita, lori likasimama. Akashuka Lukmani! Kakonda, miguu udongo mtupu. Malaria ilimlaza wiki mbili, kisha paa la mama. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpasha tangu Oktoba. Nikasema, karibu.

Kaona unga unaingia kwenye banda lake. Hakulalamika. Kauliza tu vitu vyangu viko wapi, Dada Adija? Nikasema sebuleni.

Sasa hivi kapiga magoti mbele ya boksi. Kalipekua. Kalipekua tena. Kanyanyua pazia, kachungulia chini ya mabeseni. Mimi niko kwenye cherehani na daftari hili, najifanya naandika vipimo. Bahasha iko chini ya khanga, mguu wangu uko juu yake.

"Dada Adija, hukuona bahasha moja ya kaki?"

"Ya nini?"

"Ya… risiti."

"Risiti za nini?"

Jasho linamtoka kama anashusha magunia yeye. Anatazama miguu yangu. Nikaikandamiza bahasha zaidi. Nimeona macho yake yanapanda pole pole mpaka usoni kwangu, na nadhani amejua.

Katoa kamera kwenye mkoba, anaifuta kwa shati. Anasema mwanga wa dirishani leo ni mzuri, niinue kichwa kidogo. Nimeinua. Nimefunga mdomo vizuri, kama mtu na heshima zake.

Anasema hapana, sema kitu. Chochote. Na mimi wa mdomo wazi picha kumi na mbili, leo hii –