Baba Anangoja Wakwe, Mtoto Anavimba

Mpendwa Mama Rosette, naomba msaada wako, na tafadhali soma barua hii redioni upesi maana sijui nitavumilia siku ngapi. Mimi ni mama wa watoto watano, naanika na kuuza samaki wadogo, ndakala, hapa Swima, na binti yangu wa kwanza, nimwite Arlette, ana miaka kumi na tano na mimba ya miezi saba. Aliyempa mimba ni mwanafunzi mwenzake, hakukataa, lakini wazazi wake wamenyamaza, na mume wangu, nimwite Casimir, ameapa kwamba binti hatakanyaga kituo cha afya kupimwa mimba mpaka wale watu waje na mbuzi kutambua mimba mbele ya familia, kwa sababu kwetu anayeanza kuihudumia mimba huhesabiwa ameipokea. Anasema, « Nikimupeleka miye ku CPN, bale batalala usingizi. Batasema, si baba yake amekwisha kuipokea? » Na kwa kweli aibu ilinishika mimi pia, nikamkataza mtoto hata kwenda kanisani asije akaonekana, na sasa wiki hii miguu imevimba nikasema ni kawaida ya mimba, kisha uso na mikono vikavimba, kichwa kinamuuma siku ya tatu na dawa haisaidii, na jana akichambua mchele akaniambia, « Mama, niko naona sawa nyota-nyota ku macho. » Wifi yangu anasema ni kulia sana, nimnyweshe majani. Nikimpeleka bila ruhusa, mume atasema nimemwaibisha mbele ya wale watu. Nifanye nini?

Mama wa Swima

*

Mama wa Swima, unaniuliza ufanye nini, na mtoto anaona nyota mchana! Mpeleke hospitali leo. Si kesho, si baada ya soko. Panda pikipiki, mshikilie katikati, na ukifika usikae kwenye foleni: sema kwa sauti, « Mutoto iko na mimba ya miezi saba, amevimba uso, kichwa kinamuuma, haone muzuri. » Watakuelewa.

Nimezalisha wanawake miaka ishirini na mbili kabla ya kukaa mbele ya hiki kipaza sauti, na dalili hizo nazijua. Si kulia. Ni dalili za tension ya mimba, damu kupanda, inayowapata sana wasichana wadogo, na ikiachwa inaleta kifafa, inaua mama na mtoto pamoja. Majani ya wifi yako ayanywe wifi yako.

Pole, najua aibu inavyochoma. Lakini nitakugombeza kidogo: miezi saba bila kupimwa hata mara moja? Mwili wa miaka kumi na tano bado unajijenga wenyewe. Damu hupungua, nyonga bado ni nyembamba, uchungu unaweza kuchukua siku mbili na kumwacha na fistule, mkojo ukimtoka bila kujizuia. Kwa hiyo asizalie nyumbani, hata mkunga awe bibi yake mzaa mama. Waulize waganga wa hospitali azalie wapi, na kama wanasema abaki karibu, abaki. Vidonge vya damu ameze mbele yako. Ale samaki unaouza, si kuwaona tu wakienda sokoni. Alale ndani ya chandarua. Na aibu yako isimfungie mlango: mtoto anayeogopa mama yake huficha maumivu, na hayo ndiyo yanayoua. Akijifungua na kupona, arudi darasani, wewe ushike kichanga.

Usimpeleke kwa wale watu aolewe, ni mtoto bado, na sheria inakataza.

Sasa wewe baba. Jina lako si Casimir, lakini unajijua. Nakuheshimu, unatetea nyumba yako. Lakini kijana mwenyewe hakukataa, mashahidi wapo, na hakuna karatasi ya hospitali inayohamisha mimba kutoka kwao kuja kwako. Wazee wa pande mbili watakaa baadaye, hata mwaka kesho, mambo hayo hayaozi. Arlette ndiye hana mwaka kesho akibaki ndani ya nyumba hiyo. Akifa, wale wakwe unaowangoja watafika siku hiyo hiyo, wote, na watakaa kwenye matanga kukupa pole.

Zima redio, baba. Mchukue binti yako.