Saa 2 Asubuhi, Mstari wa Tisa

Alhamisi. Mvua imekatika, Keko ni matope matupu, na mimi nina furaha ambayo si nzuri mtu kuwa nayo.

Wiki tatu zilizopita Deo, mkuu wangu wa kitengo cha kompyuta pale kituo cha afya, aligusa faili la mipangilio ya seva inayotoa namba za foleni. Seva inataka saa ya kufungua iandikwe 08:00. Yeye akaandika "saa 2 asubuhi", kana kwamba anamwandikia shangazi yake. Akaiwasha upya.

Seva ikajizima kwanza, ndipo ikasoma. Haikuelewa. Haikuamka.

Wagonjwa walijaa korido nzima bila namba. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, alipokuja akifoka, Deo alininyooshea kidole: "Muulize sista Rehema, mie sijagusa kitu." Sote tulikuwa tunatumia nywila moja, kwa hiyo ushahidi sikuwa nao. Nikaitwa mzembe mbele ya kina mama na watoto wao wenye homa. Nikapewa barua ya onyo. Ikija ya pili, kazi sina.

Sikulia. Nilikaa chini nikaandika programu.

Sasa seva inasoma faili jipya kabla ya kujizima. Likiwa bovu inalikataa na kuendelea na la zamani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Seva zote zingefanya hivyo, kosa la mtu mmoja lisingemfikia mgonjwa. Ningeweza kuishia hapo.

Sikuishia hapo. Kila mtu nikampa nywila yake, na kosa likitokea linatumwa kundi la wasap la kituo, na jina juu.

Leo mchana likaingia: "Mstari wa 9 haueleweki: 'saa 1 jioni'. Nimeukataa. Naendelea na mpangilio wa zamani. Aliyeandika: Deo."

Foleni haikusimama hata kidogo. Mfawidhi akauliza kundini kama na lile kosa la wiki tatu zilizopita lilikuwa la mkono huohuo. Baadaye Deo akanifuata mezani.

"Sista, hiki kitu chako kinanianika."

"Kinaanika mstari tu, braza."

Nakiri, nimerudi nyumbani nikiimba. Mfawidhi ameshajua ni nani, barua yangu ya onyo inafutwa kesho. Jioni hii Deo ametuma ujumbe, ananiomba kwa upole niliondoe jina lake. Msamaha hajaomba. Mbele ya watu alinivunjia heshima, mbele ya watu aniombe radhi.

Ombi lake nimelisoma. Nimelikataa.

Naendelea na mpangilio wa zamani.